Kidole Gumba Kwenye Mgongo wa Alpaka

Alpaka hamtemei mtu mate kwa chuki. Anawatemea alpaka wenzake, na wewe ukijiweka katikati unapata fungu lako. Lama ni vivyo hivyo, ila yeye ana shabaha. Nayasema haya mapema, wanangu, kwa sababu kila mnapokuja hapa nyumbani kwangu Alby kunywa chai yangu na kuniuliza habari za kazi hii mnayojifunza, swali la kwanza ni la mate. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza juu ya mgongo. Na mimi riziki yangu kwa zaidi ya miaka kumi ilitoka mgongoni.

Katika hospitali ya wanyama wakubwa, nje kidogo ya Stockholm, waliletwa farasi na ng'ombe, na miaka ile watu walipoanza kufuga alpaka kwa ajili ya manyoya, nao wakaanza kuletwa. Alpaka akianza kuyumba, au akiinamisha kichwa upande mmoja, au miguu ya nyuma ikigoma, daktari anataka kujua kama ugonjwa umeingia kwenye ubongo na uti wa mgongo. Basi anachoma sindano ndefu kiunoni na kuchota maji yanayouzunguka uti. Maji kidogo tu, hayajazi kijiko cha chai. Aliyechoma ni daktari, sheria haimruhusu mwingine. Mimi nilikuwa mshikaji. Nilimlaza mnyama, nikamnyoa, nikamsafisha, nikamshika asicheze, nikayapokea maji kwenye vichupa na kuyapeleka maabara. Mkisikia hivyo mtadhani ni kazi ya misuli. Subirini.

Nianze na mate basi, niwaridhishe. Wiki zangu za mwanzo lama mmoja dume, mzee, mwenye meno ya mbele kama jembe, alinilenga kwenye kilemba. Yale si mate ya mdomoni. Yanatoka tumboni, ni majani yaliyochacha, rangi ya kijani, na harufu yake haina mfano. Nilijiosha kwa sabuni ya hospitali, nikabadili nguo, nikapanda basi, kisha treni ya mstari mwekundu kurudi nyumbani. Viti vyote vilivyonizunguka vikabaki vitupu. Pale kituo cha Liljeholmen akapanda mlevi, akaketi mbele yangu, akavuta pumzi mara mbili, akanitazama kwa masikitiko, akahamia behewa jingine. Nilipofungua mlango wa nyumba, binti yangu Zuhura akapaza sauti kutoka chumbani, kwa Kiswidi kama kawaida yake: "Mamma, du luktar!" Nikamjibu kwa Kiswahili: ndiyo, nanuka, na hicho ndicho kitakachokulisha.

Nililetwa kwenye kazi ya migongo na mwanamke aliyeitwa Aila. Alikuwa muuguzi wa wanyama, Mfini, mfupi, mwenye mabega ya mpagazi, na alikuwa pale kabla mimi sijasikia jina la Uswidi. Mimi niliajiriwa kufagia mabanda. Siku moja nilikuta alpaka mgonjwa amesimama katikati ya njia, nami nataka kupita na toroli la samadi. Sikutafuta kamba. Nilimwekea mkono chini ya shingo na mwingine kwenye nyonga, nikamwegemea, tukaenda wote wawili taratibu mpaka bandani kwake. Nilipogeuka, Aila alikuwa ameegemea ukuta.

"Nani kakufundisha kumshika hivyo?"

"Hakuna."

"Kesho usichukue fagio," akasema, akaondoka.

Huyo ndiye Aila. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sijui kama alinisifu mara tatu. Lakini alinifundisha kila kitu kwa kunishika viwiko na kuvisogeza panapotakiwa.

Nilipoanza, mbinu ilikuwa ya nguvu. Daktari aliyekuwapo alitaka mnyama asimame. Mmoja anashika kichwa, wawili wanabana ubavuni, daktari anachoma upesi kabla mnyama hajajua. Nimeona kwa macho yangu sindano imetoka imepinda kama ndoana, na wanaume watatu wamelala kwenye majani huku alpaka amesimama peke yake anatushangaa. Baadaye wakaja na busara. Mnyama anapewa dawa ya kumtuliza, kidogo, azubae lakini asilale kabisa. Anakaa kifudifudi kama anavyopenda mwenyewe, magoti yamekunjwa chini, kichwa kimeinuka. Ganzi inapigwa kwenye ngozi. Kisha kazi inafanywa kwa utulivu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hili halimo kwenye karatasi watakazowapa. Miguu ya nyuma ivuteni mbele, chini ya tumbo, kulia na kushoto sawasawa. Mgongo utajikunja kidogo na pingili zitaachana. Nyonga zikiegemea upande mmoja, hata kwa upana wa kidole, sindano ya daktari itaangukia pembeni, na atakulaumu wewe, na atakuwa na haki. Mimi nilikuwa nikipiga magoti nyuma ya mnyama na kuibana nyonga kwa mapaja yangu, kulia na kushoto. Hivyo nilijua akiegemea upande hata kabla yeye hajajua. Macho yafunikeni kwa taulo. Na mkiona ameanza kuguna ule mguno wao, mmm, mmm, kama mama anayebembeleza, msidhani anafurahi. Anauliza kuna nini. Pumueni polepole mkiwa mmemgusa ubavuni. Atapumua nanyi.

Sasa kosa langu. Nalo siwafichi.

Ilikuwa majira ya baridi, na tumechota maji mazuri kutoka kwa alpaka dume wa mama mmoja aliyekuwa akifuga wanne tu nyuma ya nyumba yake. Vichupa viwili, kimoja chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna dawa ya kuzuia kuganda, na kingine kitupu. Kabla sijatoka, yule dume akaanza kuzinduka kwenye dawa na kuyumba. Nikaviweka vichupa dirishani, nikaenda kumsaidia Aila. Tukamsimamisha, tukamkausha, nikafagia, nikaambiwa kuna farasi anashuka kwenye gari, nikaenda kwa farasi. Dirisha lile lilikuwa juu ya kipasha joto cha ukutani. Nilipokumbuka, saa nzima ilikuwa imepita. Mtaalamu wa maabara akatazama kwenye darubini, akaniambia kwa upole, "Sakina, chembe zote zimepasuka. Hapa hamna cha kusoma." Chembe za maji hayo hazivumilii. Zinataka zisomwe upesi, la sivyo zinayeyuka kama sukari kwenye chai.

Maana yake ni kwamba mnyama achomwe tena kesho yake. Nilitegemea Aila anigombeze. Hakunigomba. Alinishika kiwiko, akanipeleka hadi kwa yule mama aliyekuwa ameketi kwenye chumba cha kusubiri, akasema, "Sakina ana jambo la kukuambia," akakunja mikono. Nikasema mwenyewe, kwa Kiswidi changu cha wakati ule ambacho kilikuwa kinachechemea kuliko mgonjwa. Nilisema, nimeyaharibu maji ya mnyama wako, ni mimi, si daktari. Yule mama akanishukuru kwa kumwambia. Tangu siku ile vichupa sikuviweka mahali popote. Vilikaa kiganjani mwangu mpaka maabara, na njiani sikumsalimia mtu. Kuna mkuu mmoja wa idara alifikiri nina kiburi mpaka anastaafu.

Basi nije kwa Saga.

Saga alikuwa alpaka jike, mweupe, mwenye mimba, wa mzee mmoja aliyeitwa Göran. Göran alikuwa mkulima mrefu, mkimya, mwenye kofia ambayo aliivua tu akiingia banda la wagonjwa, kama watu wanavyovua viatu mlangoni mwa msikiti. Alpaka walikuwa wa mkewe, na mkewe alikwisha kufariki. Vuli ile wawili walikuwa wamekufa mfululizo. Wameyumba, wameanguka, wamekufa. Sasa Saga alikuwa hawezi kusimama kwa siku ya tatu, na nyumbani walibaki kumi, na mmoja kati ya hao kumi alikuwa ameanza kuburuta mguu.

Daktari alikuwa Johanna. Msichana mzuri, mwangalifu, hajamaliza mwaka tangu atoke chuoni. Alimweleza Göran mbele yetu. Yako magonjwa mawili yanayofanana, akasema. Moja ni bakteria anayetoka kwenye majani yaliyofungwa kwenye plastiki yakaoza. Jingine ni mnyoo wa kulungu, unaobebwa na konokono wa kwenye majani mabichi, ambao alpaka akiumeza unapanda mpaka kwenye uti wa mgongo. Dawa za magonjwa haya ni mbalimbali kabisa. Maji ya mgongo yatatuambia ni lipi.

Göran akauliza, "Msipoyapata?"

"Tutabahatisha," akasema Johanna. Alikuwa mkweli, nampendea hilo.

"Nimekwisha kubahatisha mara mbili," akasema Göran. "Msipoyapata leo, mlazeni moja kwa moja. Sitaki ateseke. Na hao wengine nitaamua."

Tulijua alichokusudia kuamua.

Tukaanza. Aila kichwani, mimi nyuma na nyonga za Saga kati ya mapaja yangu, Johanna juu ya kiuno. Shida ilikuwa moja. Saga alikuwa mnene. Göran alikuwa amewalisha wanyama wa marehemu mkewe kama wageni wa harusi. Pingili zake zilikuwa zimezama kwenye nyama, huoni kitu, na ukipapasa unapapasa mto. Johanna alitafuta, akapiga alama, akachoma. Mfupa. Akarudisha kidogo, akaelekeza tena. Mfupa. Akatoa. Akachoma mara ya pili, akavuta waya wa ndani ya sindano, na damu ikajaa kwenye mdomo wa sindano. Akasubiri maji safi yaifuate. Hayakuja. Akatoa.

Sheria ya pale ilikuwa mara tatu, basi. Ukizidisha unamuumiza mnyama, na damu inayaharibu maji yenyewe.

Johanna akabadilisha glavu. Niliona vidole vyake vinagoma kuingia. Akapapasa tena, akaweka kidole palepale alipochoma mara ya pili. Na mimi nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba yuko mbele kwa pingili moja.

Hapa lazima niwaambie nilijuaje, maana ni jambo nililokuwa nimelificha kwa miaka minne.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na baba yangu alikuwa na bucha. Mimi ndiye mkubwa, wavulana walichelewa kuzaliwa, kwa hiyo tangu nina miaka tisa nilisimama naye mezani. Baba hakupenda shoka. Alisema anayepasua mgongo kwa shoka anamuuzia mteja vipande vya mfupa. Yeye alitumia ncha ya kisu, na kabla ya kisu alitumia kidole gumba. Alikuwa anakichukua kidole changu na kukibonyeza kwenye mgongo wa mbuzi: "Hapa mfupa. Hapa mfupa. Hapa mlango." Mlango ndilo jina alilouita ule upenyo ulio kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa mpana wa juu ya mkia. Ukiupata, kisu kinaingia bila kelele, na paja linaachana na kiuno lenyewe. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, wote wana mlango mmoja, mahali pamoja. Niliufungua mara nyingi kuliko nilivyofungua daftari.

Lakini utasemaje habari hizo hospitali ya wanyama? Nusu ya wenzangu hawakula nyama. Aila hakugusa hata soseji. Wakati wa kahawa waliniuliza baba yako alifanya kazi gani, nikasema, biashara. Sikudanganya. Ilikuwa biashara.

Sasa nimepiga magoti, Saga anaguna, Johanna ameshika sindano ya tatu.

"Daktari," nikasema. "Uko mbele mno."

Akanyanyua macho. "Kwa kiasi gani?"

"Pingili moja."

"Sakina, umejuaje?"

Ningeweza kusema nahisi. Lakini mtu hawezi kuchoma mgongo wa mnyama kwa sababu mfagiaji wa zamani anahisi. Alistahili sababu.

"Baba yangu ni mchinjaji," nikasema. "Nimekata hapo mahali tangu nikiwa mtoto. Kwa kisu. Najua panapofunguka."

Aila alikuwa ameinua kichwa, taulo mkononi, ananitazama. Göran alikuwa amesimama mlangoni, na mimi nilikuwa nimemsahau. Nikasikia uso wangu unawaka. Nikajiambia, haya, Sakina, leo umejifukuza kazi mwenyewe.

Göran akasema kutoka kule mlangoni, "Wanyama wangapi?"

"Sikuwahesabu."

Akaizungusha kofia mikononi. "Basi anajua," akasema. "Mwacheni aonyeshe."

Johanna hakuwa na kiburi. Hilo ndilo lililotuokoa, si kidole changu peke yake. Akasema, "Nenda kanawe. Aila, shika nyonga." Mwenye mnyama mwenyewe akaja akapiga magoti kichwani, akamshika Saga taya. Nikanawa mpaka viwikoni, nikavaa glavu safi, nikarudi. Nikasema bismillahi kwa ndani. Nikaweka kidole gumba kwenye mfupa mmoja wa nyonga, nikavuta mstari mpaka kati, nikabonyeza. Mafuta. Nikabonyeza zaidi, kama baba alivyokuwa akikibonyeza kidole changu mpaka kinauma. Mfupa. Nikateremka nyuma kidogo. Mfupa tena, mwembamba. Nikateremka. Na pale chini kabisa, chini ya mafuta yote ya Göran, ardhi ikatitia.

"Hapa."

"Una hakika?"

"Hapa, daktari. Usiiinamishe. Isimamishe kama msumari."

Akaiweka sindano mbele ya ukucha wangu. Nikaondoa kidole. Ikaingia, ikaingia, nikaanza kufikiri imekwenda mno. Kisha mkia wa Saga ukaruka kidogo, na Johanna akasema kwa sauti ndogo, "Imepita." Akavuta ule waya wa ndani.

Hakikutoka kitu.

Tulitazama mdomo wa ile sindano, wote wanne. Johanna akamwambia Göran, "Bonyeza mishipa ya shingo, pande zote mbili, taratibu." Göran akabonyeza. Likapanda tone. Lilikuwa na wekundu kidogo. Johanna akaliacha lidondoke. La pili. La tatu likapanda, likasimama pale, likametameta kama tone la kwenye bomba, halina rangi kabisa.

"Vichupa," akasema Johanna.

Nilitembea mpaka maabara na vichupa kiganjani, na sikumsalimia mtu.

Jibu halikuchelewa. Yule mtaalamu aliniita nitazame mwenyewe kwenye darubini. Chembe zilikuwa nyingi, na nyingi kati yake zimejaa punje za rangi ya waridi. Hizo, akaniambia, mwili huzipeleka kupigana na mnyoo. Ulikuwa ni mnyoo wa kulungu. Göran alikuwa na malisho yanayopakana na msitu, chini kwenye unyevu, na konokono wamejaa. Johanna akampa dawa za Saga na za wale kumi wote, na akamwambia afunge malisho yale. Göran alivaa kofia yake, akampa Johanna mkono, akampa Aila, akanipa mimi, akasema, "Msalimie baba yako." Kisha akaenda kwenye gari. Mimi nikarudi bandani. Niliketi juu ya ndoo.

Maana ningeweza kukosea, wanangu. Msinisikie nikijisifu mkadhani sikuogopa. Sindano ile ikienda vibaya inamaliza kabisa kilichobaki kwenye miguu. Ujasiri niliokuwa nao haukutoka moyoni, ulitoka kwenye miaka ya kurudia jambo moja mpaka kidole kikajua chenyewe. Huo ndio ninaouamini. Ule mwingine, wa kifua mbele, nimeuona ukipinda sindano.

Kesho yake wakati wa kahawa niliketi pembeni, nasubiri. Watu waliongea mambo ya hali ya hewa. Aila akaja na kikombe chake, akaketi karibu nami, akakoroga kwa muda mrefu ingawa hatumii sukari.

"Biashara," akasema.

"Ilikuwa biashara."

Akaanza kucheka. Mabega yale yakatikisika mpaka kahawa ikamwagika. "Miaka minne," akasema, "nakufundisha mgongo, na wewe unaitikia ndiyo, ndiyo!" Alipotulia akafuta macho. "Utanionyesha na mimi. Kwa kisu, kama alivyokuonyesha."

Nilimwonyesha. Alpaka aliyekufa kwa ajali akaletwa kuchunguzwa, na Johanna akaomba ruhusa. Nilisimama mbele ya wanafunzi sita wa udaktari waliovaa makoti meupe, mimi na aproni yangu ya mpira, nikawashika vidole gumba mmoja mmoja: hapa mfupa, hapa mfupa, hapa mlango. Kisha nikachukua kisu nikaufungua, waone kidole kilikuwa kimesimama juu ya nini. Mmoja alizimia, lakini alikuwa hajala asubuhi. Tangu hapo kila daktari mpya aliletwa kwangu. Miaka yangu ya mwisho ilikuja mashine ya kuonyesha mifupa kwenye skrini, na ni mashine nzuri, sina ugomvi nayo. Ila inataka umeme na inataka mnyama anyolewe mpaka ang'ae, na nimeshaona wataalamu wawili wanabishana juu ya kivuli kwenye skrini wakati kidole changu kinasubiri kwa adabu. Jifunzeni mashine. Halafu jifunzeni na mgongo.

Saga hakupona siku moja. Tulimgeuza ubavu huu na huu, tulimfunga mshipi mpana chini ya tumbo tukamning'iniza ili miguu ikumbuke sakafu, nilimsugua mapaja mpaka mikono ikafa ganzi. Siku kadhaa alikataa kula na mimi nikawa namtilia majani mdomoni kama mtoto mkaidi. Wiki ya tatu, Ijumaa asubuhi, niliingia bandani na kumkuta amesimama mwenyewe kwenye kona, miguu ya nyuma imeachana kama ya meza iliyolegea. Akaniangalia. Akaja hatua tano mpaka kwenye ndoo yangu. Alitembea kombo, na alitembea kombo maisha yake yote, na mtoto wake alimzaa akiwa na kombo lile lile.

Siku hiyo nilipotoka kazini nilishuka kituo cha Hallunda, nikanunua kadi ya simu, nikampigia baba Bujumbura. Alikuwa amekwisha kuacha bucha, macho yamefifia. Alijua nafanya kazi hospitali, lakini sidhani aliwahi kuelewa ni hospitali ya nani.

"Baba, unaukumbuka mlango?"

"Mlango gani? Wa bucha? Wameutia rangi ya kijani, mbaya sana."

"Ule wa kiunoni mwa mbuzi."

"Aa, huo." Nikamsikia anajiweka sawa kwenye kiti. "Huo nani anausahau."

Nikamweleza. Ilibidi kwanza nimweleze alpaka ni nini. Nikasema, kama ngamia aliyefupishwa akavikwa manyoya ya kondoo.

"Wanamla?"

"Hawamli, Baba."

"Sasa mlango mmeutafutia nini?"

"Tuchote maji ya mgongoni, tujue anaumwa nini. Daktari aliukosa. Mimi nikaupata, kwa kidole, kama ulivyonifundisha."

"Ukaupata."

"Nikaupata."

"Vizuri," akasema. "Halafu mkamchinja."

"Hapana, Baba. Tumemtibu. Leo asubuhi nimemkuta amesimama. Anatembea."

Nilisikia mkwaruzo wa waya tu, nikaitazama kadi, nikadhani imekwisha. Kisha nikasikia kiti kinasukumwa, na sauti ya baba imegeukia upande wa ndani ya nyumba, anamwita mama, njoo, weye, acha hivyo vyombo, njoo usikie. Nikasikia kandambili za mama zinakuja kwenye saruji. Baba akarudi kwenye simu.

"Haya," akasema. "Rudia hapo mwisho. Polepole, mama yako asikie."

"Anatembea, Baba," nikasema.